Kromatini

kromatini nm [i-/zi-] mkusanyiko wa DNA pamoja na protini zinazoikunja na kuishikilia ndani ya kiini cha seli.

Ngeli na asili

Kromatini ni nomino ya ngeli ya i-/zi-. Kwa kuwa hutaja kitu kisichohesabika, kama vile damu au chumvi, hutumika karibu wakati wote kwa upatanisho wa umoja: *kromatini imelegea*, *kromatini ya seli za ini*. Anayetaka kuhesabu hana budi kuhesabu sehemu zake, yaani nukleosomu au kromosomu.

Asili ya neno ni Kigiriki, katika neno lenye maana ya rangi. Mwanasayansi wa Kijerumani Walther Flemming, aliyechapisha kitabu chake mashuhuri kuhusu seli mwaka 1882, alilitumia kutaja kitu kilichokuwa kikikolea rangi alipotia seli rangi ili azitazame kwa hadubini. Jina hilo, basi, halisemi lolote kuhusu kazi ya kitu chenyewe. Linasema tu kwamba kilikubali rangi. Kazi yake ilikuja kufahamika baadaye sana, na ndiyo inayowasumbua wafasiri hadi leo.

Kromatini isichanganywe na kromosomu. Uhusiano wa maneno haya mawili ni kama wa kitambaa na kanga: kanga huhesabika, na kitambaa ndicho kilichoifanya. Seli ya kawaida ya binadamu ina kromosomu 46, na kila moja imeundwa kwa kromatini.

Muundo

DNA yote ya seli moja ya binadamu, ikinyooshwa na kuunganishwa, hufikia urefu wa takribani mita 2. Kiini kinachoihifadhi kwa kawaida hakizidi maikromita 10 kwa upana, na maikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Haiwezekani uzi huo kuingia humo bila kukunjwa kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza ya ukunjaji huo ni nukleosomu nm [i-/zi-]. Protini nane ziitwazo histoni, mbilimbili za aina nne (H2A, H2B, H3 na H4), hukusanyika na kufanya kitu mfano wa kijiti kifupi cha kuzungushia uzi. DNA yenye jozi za besi zipatazo 147 huzunguka kijiti hicho, mizunguko isiyotimia miwili, kisha huendelea kama kipande kifupi kilicho wazi hadi kwenye nukleosomu inayofuata. Roger Kornberg alipendekeza muundo huu mwaka 1974, na mwaka 1997 Karolin Luger, Timothy Richmond na wenzao wa Zurich walichapisha picha yake ya kina iliyoonyesha mahali pa kila sehemu.

Kinachozishikanisha DNA na histoni zaidi ya yote ni chaji. Uti wa DNA una fosfati zenye chaji hasi, na histoni zina asidi amino nyingi zenye chaji chanya, hususan laisini na ajinini. Mvuto huu ni wa jumla na hauchagui sana herufi zilizoandikwa katika DNA. Ndiyo maana histoni zilezile zinaweza kukunja karibu sehemu yoyote ya DNA.

*Tanbihi ya tashbihi.* Vitabu vingi hufananisha kromatini na shanga zilizotungwa katika uzi. Tashbihi hii inafaa kwa umbo linaloonekana katika hadubini ya elektroni, lakini inapotosha katika jambo moja: uzi wa shanga hupita ndani ya ushanga, ilhali DNA huzunguka nje ya histoni. Mwanafunzi akibaki na picha ya shanga hatatambua ni kwa nini upande mmoja wa DNA umefunikwa na upande wa pili umebaki wazi. Uzi uliozungushwa kwenye kijiti ni tashbihi iliyo salama zaidi.

Ufungashaji na usomaji wa jeni

Jeni hutumika pale nakala yake ya RNA inapotengenezwa. Kazi hiyo huitwa unukuzi nm [u-], na hufanywa na kimeng'enya kiitwacho polimerasi ya RNA. Polimerasi haijichagulii mahali pa kuanzia. Huongozwa na protini dhibiti za unukuzi, ambazo kila moja hutambua mfuatano mfupi wa herufi za DNA na kushikamana nao.

Laiti DNA ingekuwa uzi ulio wazi, kujua herufi kungetosha kujua ni wapi protini dhibiti zitakwenda. Hesabu ndogo inaonyesha kwamba haitoshi. Protini dhibiti iitwayo GATA1, ambayo ni ya lazima katika utengenezaji wa seli nyekundu za damu, hutambua herufi GATA zikitanguliwa na A au T na kufuatwa na A au G. Kama herufi nne za DNA zingepangwa bila mpango na kwa idadi sawa, mfuatano huo ungetokea mara moja katika kila herufi 1,024 za uzi mmoja, yaani mara moja katika kila jozi 512 nyuzi zote mbili zikihesabiwa. Katika jinomu ya binadamu yenye jozi za besi zipatazo bilioni 3, hiyo ni karibu mara milioni 6. Katika seli zinazoelekea kuwa seli nyekundu, hata hivyo, GATA1 hukutwa imeshikamana na maelfu tu ya mahali. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na kromatini.

Njia zinazofanya kromatini iathiri ushikamano wa protini dhibiti ni hizi:

1. *Kufunikwa.* Mfuatano ulio ndani ya nukleosomu huenda ukawa umeelekea kwenye histoni, au umepindwa kiasi kwamba protini haiwezi kuukumbatia. Herufi zipo zote, lakini hazifikiki. Ni kama jina la kanga iliyokunjwa sandukuni: halijafutika, ila hakuna awezaye kulisoma mpaka kanga ikunjuliwe.

2. *Mahali ndani ya nukleosomu.* DNA iliyo karibu na ncha za nukleosomu huachia histoni kwa muda mfupi sana na kurudi. Iliyo katikati huachia kwa nadra zaidi. Mfuatano ule ule, ukisogezwa kutoka ncha hadi katikati, hupoteza sehemu kubwa ya nafasi yake ya kushikwa.

3. *Alama za kikemikali.* Vimeng'enya maalumu huongeza asetili kwenye laisini za mikia ya histoni. Asetili huondoa chaji chanya ya laisini, mvuto kati ya histoni na DNA ukapungua, na baadhi ya protini zikapata mahali pa kujishikiza. Vincent Allfrey na wenzake walieleza uhusiano kati ya asetili na utengenezaji wa RNA mwaka 1964, na mwaka 1996 kundi la David Allis lilionyesha kwamba kimeng'enya cha kuongeza asetili kinafanana na protini iliyokwishajulikana kuwa huchochea unukuzi katika hamira. Alama za methili zina maana zinazotofautiana: baadhi huambatana na jeni zinazosomwa, nyingine na jeni zilizonyamazishwa.

4. *Mashine za kusogeza.* Zipo protini zinazotumia nishati ya ATP kusukuma nukleosomu kando, kuiondoa au kubadilisha histoni zake. Mara nyingi huitwa mahali hapo na protini dhibiti iliyotangulia kufika.

Nukta ya nne inaonyesha kwamba uhusiano huu si wa upande mmoja. Kromatini huzuia protini dhibiti, na protini dhibiti nazo huibadilisha kromatini. Baadhi, ziitwazo protini tangulizi, huweza kutambua mfuatano wake hata ukiwa ndani ya nukleosomu, na kuwafungulia njia wenzake. Mfano uliochunguzwa sana ni FoxA, ambayo hufanya kazi mapema katika ukuaji wa ini, na ambayo sehemu yake ya kushika DNA ina umbo linalofanana na la histoni ya kiungo. Protini tatu kati ya nne ambazo Kazutoshi Takahashi na Shinya Yamanaka walizitumia mwaka 2006 kuirudisha seli ya panya iliyokomaa katika hali ya ujana, yaani Oct4, Sox2 na Klf4, zilikuja kuonyeshwa kuwa na uwezo huohuo.

Mfano: jeni za himoglobini

Seli zote za mwili zina jeni za himoglobini, lakini ni seli za ukoo wa seli nyekundu pekee zinazozisoma kwa wingi. Mwaka 1976 Harold Weintraub na Mark Groudine walitoa viini vya seli za kuku na kuvitia kimeng'enya kinachokata DNA. Katika viini vya seli nyekundu, jeni za globini zilikatwa upesi. Katika viini vya seli nyingine za kuku, jeni zilezile zilistahimili. Herufi zilikuwa zilezile katika seli zote, na kilichotofautiana kilikuwa ufungashaji.

Jambo hili lina uzito kwa wanaozungumza Kiswahili, kwa sababu Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi wa selimundu. Ugonjwa huu hutokana na badiliko la herufi moja katika jeni ya globini ya beta, iliyo kwenye kromosomu ya 11. Mtoto aliye tumboni haumwi nao, kwa kuwa hutumia jeni ya globini ya gama. Baada ya kuzaliwa, jeni ya gama hunyamazishwa hatua kwa hatua, jeni ya beta hushika zamu, na dalili huanza kujitokeza katika miezi inayofuata.

Jeni ya gama haipotei. Ipo herufi kwa herufi hata kwa mtu mzima. Miongoni mwa vinavyoinyamazisha ni protini dhibiti iitwayo BCL11A, ambayo hushikamana na eneo la kuanzishia unukuzi wa jeni hiyo na kuwaita wenzake wa kuzuia usomaji. BCL11A yenyewe hutengenezwa katika ukoo wa seli nyekundu kwa sababu ndani ya jeni yake mna eneo la kuchochea unukuzi ambalo kromatini yake imefunguka katika ukoo huo, na GATA1 hushikamana nalo.

Tiba iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi Desemba mwaka huohuo, imejengwa juu ya ujuzi huu. Seli shina za damu za mgonjwa hutolewa, DNA yake hukatwa mahali GATA1 inaposhikamana katika eneo hilo la uchochezi, kisha seli hurudishwa mwilini. BCL11A hupungua katika ukoo wa seli nyekundu, na jeni ya gama husomwa tena. Mkato umo katika seli zote zitokanazo na seli shina hizo, lakini athari yake huonekana hasa katika seli nyekundu, kwa kuwa seli nyingine zinazohitaji BCL11A hazitegemei eneo hilo.

Matumizi: vitenzi vinavyopotosha

*Kufunga.* Hiki ndicho kitenzi cha hatari kuliko vyote katika mada hii. Kwa Kiingereza, neno linalotumika kwa protini dhibiti inayoshika DNA hutafsiriwa katika kamusi nyingi kuwa *kufunga*. Mfasiri akiandika:

– *GATA1 hufunga DNA.*

msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba GATA1 inaikunja au inaizuia DNA, na hiyo ndiyo kazi ya histoni. Sentensi itakuwa imesema kinyume cha kilichokusudiwa. Iandikwe:

– *GATA1 hushikamana na DNA.*

*Kufunga* na *kufungasha* viachwe kwa histoni na nukleosomu. *Kushikamana na* kitumike kwa protini dhibiti. Matini yenye vitenzi vyote viwili ikizingatia mgawanyo huu, msomaji hatapotea: *Pale histoni zilipoifunga DNA, GATA1 haiwezi kushikamana nayo.*

*Kufunguka na kufunguliwa.* Kiswahili kina kauli ya kutendua inayofaa sana hapa: *funga – fungua*, *kunja – kunjua*, *zonga – zongoa*. Kiambishi kimoja hueleza kwamba jambo linaweza kurudishwa nyuma, na ufungashaji wa DNA ni jambo la namna hiyo hasa. Zaidi ya hayo, lugha hutofautisha kinachotokea chenyewe na kinachofanyiwa. Ncha za nukleosomu *hufunguka*, kwa kuwa huachia bila kusukumwa na mashine yoyote. Nukleosomu inayosogezwa kwa nishati ya ATP *hufunguliwa*. Mwandishi atumie tofauti hii kwa makusudi, kwani lugha nyingi hulazimika kuieleza kwa maneno mengi.

*Kuzima, kufuta, kuondoa.* Jeni iliyofungashwa *imenyamazishwa* au *imezimwa*. Haikufutwa, haikuharibika, wala haikuondolewa. Katika fomu za ridhaa na vipeperushi vya hospitali, tofauti hii si ya mapambo. Mzazi akiambiwa kwamba tiba *huondoa jeni ya selimundu*, ataamini kwamba mwanawe hawezi tena kuirithisha. Tiba iliyoelezwa hapo juu haiondoi badiliko lile la herufi moja. Huamsha jeni nyingine katika seli za damu, na seli za uzazi hubaki zilivyokuwa. Tafsiri sahihi ni: *Tiba hii huamsha jeni ya himoglobini ya utotoni iliyokuwa imezimwa, jeni yenye badiliko inabaki, na inaweza kurithiwa na watoto wa mgonjwa.*

*Protini dhibiti, si kigawo wala sababu.* Neno la Kiingereza linalotaja protini hizi hutumika pia katika hisabati, ambako Kiswahili husema *kigawo*, na katika mazungumzo ya kawaida, ambako husema *sababu*. Yote mawili hayafai hapa. *Sababu ya unukuzi* humfanya mwanafunzi atafute chanzo, ilhali kinachotajwa ni molekuli inayogusika, yenye umbo na mahali pa kusimama. Nomino *protini* humweleza mara moja ni kitu cha aina gani, na *dhibiti* hubeba pande mbili za kazi, kuchochea na kuzuia. Kwa sababu hiyo pia *protini chochezi* haifai kuwa jina la jumla: BCL11A hunyamazisha jeni ya gama.

*Unukuzi na tafsiri.* Katika biolojia, *unukuzi* ni hatua ya kutoka DNA kwenda RNA, na *tafsiri* ni ya kutoka RNA kwenda protini. Visibadilishwe hata pale mwandishi anapoona kwamba amerudia neno moja mno.

*Kufunguka si kusomwa.* Sentensi *kromatini imefunguka, kwa hiyo jeni inasomwa* ina kosa la hoja. Kromatini iliyofunguka hutoa nafasi. Ili unukuzi ufanyike, protini dhibiti zinazofaa lazima ziwepo katika seli hiyo na zishikamane, na huenda iliyoshikamana ikawa ya kuzuia. Iandikwe: *kromatini imefunguka, kwa hiyo jeni inaweza kusomwa.*

Istilahi zinazohusiana

– *histoni* [i-/zi-]: protini yenye chaji chanya ambayo DNA huizunguka.
– *nukleosomu* [i-/zi-]: histoni nane pamoja na DNA iliyozizunguka.
– *histoni ya kiungo* [i-/zi-]: histoni H1, inayoshika DNA inapoingia na kutoka kwenye nukleosomu.
– *yukromatini* [i-/zi-]: kromatini iliyolegea, ambamo jeni nyingi zinazosomwa hupatikana.
– *heterokromatini* [i-/zi-]: kromatini iliyokazwa, ambamo jeni nyingi hunyamaza.
– *eneo la kuanzishia unukuzi* [li-/ya-]: sehemu ya DNA ambamo polimerasi huanza kazi.
– *eneo la kuchochea unukuzi* [li-/ya-]: sehemu ya DNA inayoongeza usomaji wa jeni, hata ikiwa mbali nayo.

Mifano ya matumizi

– *Kromatini ya jeni za globini imelegea katika seli nyekundu za kuku, lakini imekazwa katika seli zake nyingine.*
– *Protini tangulizi ilishikamana na DNA iliyokuwa imefungwa, kisha nukleosomu ikasogezwa na protini nyingine zikapata nafasi.*
– *Asetili inapoongezwa, mkia wa histoni hupoteza chaji chanya na DNA hulegea.*
– *Jeni hii haikuharibika; imenyamazishwa tu katika seli za aina hii.*

Tazama pia: DNA, jeni, kromosomu, selimundu, kauli ya kutendua, unukuzi.